UZI: Mama samaki wa Eliye, mwenye mshahara wa Lodwar, na ugomvi wa nani halipi ushuru

1.
Kila msimu wa Mswada wa Fedha ukifika, mjadala ni ule ule. Mmoja anasimama jukwaani anasema waliojiajiri hawalipi ushuru, mzigo wote umeachiwa wenye mishahara. Mwingine anajibu ati mfanyabiashara mdogo anakamuliwa mpaka tone la mwisho. Wafuasi wao wanarushiana maneno hadi usiku wa manane, na hakuna hata mmoja ametoa kalkuleta. Leo tutoe kalkuleta. Sitaji chama, sitaji mwanasiasa. Ukija na wako, nitakupita bila salamu.

2.
Mimi ni mtu wa Eliye Springs, pale ufuoni mwa Ziwa Turkana. Kazi yangu iko Lodwar, nasaidia watu kufaili ritani za KRA. Wanaokuja kwangu ni mama samaki, watu wa boda, mafundi wa simu, wenye vibanda, vijana wanaopokea wageni ufuoni, na wafanyabiashara wa Kakuma. Mahesabu ya uzi huu nimeyatunga kwa namba rahisi ili yafuatike, lakini viwango vya ushuru ni vya sheria ya Kenya yenyewe.

3.
Kwanza tutenganishe maneno matatu ambayo jukwaani huchanganywa makusudi.
a) Gharama za biashara: pesa uliyotumia ili upate pesa. Inaondolewa kwa mauzo, inabaki faida.
b) Makato yanayoruhusiwa: kwa mfano mchango wa pensheni au wa SHIF. Yanaondolewa kwa mapato kabla ushuru haujapigwa.
c) Nafuu: hii inaondolewa kwa ushuru wenyewe, baada ya hesabu kuisha.

4.
Tofauti yake si ndogo. Kila mkazi anayefaili ana nafuu ya binafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Hiyo ni 28,800 inayotoka kwa ushuru moja kwa moja. Sasa kama ile 28,800 ingekuwa makato tu, na wewe uko kwa kiwango cha asilimia 10, ungeokoa 2,880 pekee. Kwa hivyo mtu akikuahidi "makato zaidi", muulize: unatoa kwa mapato ama kwa ushuru?

5.
Viwango vya mtu binafsi, kwa mwaka, tangu Julai 2023:
- 288,000 za kwanza: asilimia 10
- 100,000 zinazofuata: asilimia 25
- baada ya hapo, hadi milioni 6: asilimia 30
- juu ya milioni 6 kuna 32.5, na juu ya milioni 9.6 kuna 35.
Sisi wa huku tuongee kuhusu hizo tatu za kwanza. Ona pia kwamba asilimia 10 ya 288,000 ni 28,800, sawa kabisa na nafuu ya binafsi. Maana yake: mtu ambaye faida yake ya mwaka haipiti 288,000 hadaiwi ushuru wa mapato. Sifuri.

6.
Hiyo sifuri haimaanishi kutofaili. Ukiwa na PIN unafaili kila mwaka kabla ya Juni 30 kuisha. Ukichelewa, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Nimeona vijana waliochukua PIN kwa sababu ya kutafuta kazi, kazi haikupatikana, PIN wakaisahau, na miaka minne baadaye wanadaiwa 8,000 za faini bila kuwahi kuuza hata kiberiti.

7.
Sasa gharama. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, kifungu cha 15, inasema gharama inayoondolewa ni ile iliyotumika yote, na kwa ajili hiyo tu, kupata mapato hayo. Kifungu cha 16 kinataja zisizokubaliwa. Ukivielewa hivyo viwili, umeelewa nusu ya ugomvi wa mitandaoni.

8.
Kwa lugha ya ufuoni:
Samaki uliyemnunua kwa mvuvi ili ukamuuze Kitale: gharama. Samaki uliyempeleka nyumbani watoto wakala: si gharama.
Chumvi, magunia, nauli ya mzigo kwa lori: gharama.
Karo ya shule, matanga, mchango wa harusi: si gharama, hata kama pesa ilitoka kwa biashara.
Leseni ya kaunti: gharama. Ushuru wa mapato uliolipa mwaka jana: si gharama.
Pikipiki inayobeba samaki Jumatatu na kukupeleka kanisani Jumapili: unagawa. Sehemu ya kazi inaingia, ya kanisa inabaki yako na Mungu wako.

9.
Vitu vinavyodumu miaka mingi, kama gari au friza, huviondoi vyote kwa siku moja. Unaviondoa kidogo kidogo kwa kiwango kilichowekwa. Gari, kwa mfano, ni asilimia 25 kwa mwaka. Na mwaka ukiwa mbaya ukapata hasara, hasara hiyo unaweza kuibeba ikapunguza faida ya miaka inayokuja. Shikilia hapo kwa hasara, tutairudia.

10.
Wenye mishahara huuliza: "Mbona yeye anaondoa petroli, mimi siondoi nauli ya kwenda kazini?" Swali halali. Jibu la sheria ni kwamba nauli ya kufika kazini inahesabiwa kama matumizi yako binafsi, na vifaa vya kazi ni jukumu la mwajiri. Mfanyabiashara hana mwajiri, yeye ndiye anayebeba gharama. Unaweza kukataa jibu hilo, wengi duniani wanalikataa, lakini hilo ndilo jibu.

11.
Mwenye mshahara ana makato yake mengine. Tangu Desemba 27, 2024, mchango wa SHIF na ule wa Nyumba za Bei Nafuu unaondolewa kwa mapato kabla ya ushuru. Pensheni inaruhusiwa hadi 30,000 kwa mwezi (zamani 20,000), riba ya mkopo wa nyumba hadi 360,000 kwa mwaka (zamani 300,000). Wengi walipiga makofi. Lakini niambie, Eliye nzima nani ana mkopo wa nyumba wa benki? Nafuu nyingi zinazoshangiliwa Nairobi zinaishia Nairobi.

12.
Sasa tufike kwa moto wenyewe: ushuru wa mauzo, ule tunaouita TOT. Huu hauangalii faida. Unaangalia mauzo tu. Kama mauzo yako kwa mwaka ni zaidi ya milioni 1 lakini hayapiti milioni 25, unalipa asilimia 3 ya mauzo yote, kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukishalipa, umemaliza. Hakuna gharama ya kuondoa, hakuna nafuu ya binafsi, hakuna hasara ya kubeba.

13.
TOT haikuanguka kutoka mbinguni jana. Ilianza kwa asilimia 3, kwa biashara za 500,000 hadi milioni 5. Mwaka 2019 ikatolewa, ukaja ushuru wa asilimia 15 ya ada ya leseni. 2020 TOT ikarudi. Aprili 2020, wakati wa korona, ikashushwa hadi asilimia 1, na mipaka ikawekwa milioni 1 hadi 50. Julai 2023 ikapandishwa tena hadi asilimia 3, mipaka ikawa milioni 1 hadi 25. Kwa hivyo mtu akisema "haiwezekani kushusha", imewahi kushushwa. Akisema "haijawahi kupanda", imepanda mara tatu ya ilivyokuwa.

14.
Sababu ya TOT kuwepo ni nzuri ukiisikia. Mfanyabiashara mdogo hana mhasibu, hana vitabu. Badala ya kumsumbua na mahesabu ya faida, mwambie alipe asilimia ndogo ya mauzo, aende zake. Rahisi. Shida ni kwamba rahisi na haki si ndugu wa tumbo moja. Twende kwa hesabu.

15.
Mfano wa kwanza. Mama samaki, ananunua Eliye, anauza samaki wakavu Lodwar na Kitale. Mauzo ya mwaka: 1,500,000.
Gharama:
- samaki kwa wavuvi: 900,000
- usafiri: 220,000
- msaidizi: 100,000
- chumvi na magunia: 60,000
- leseni na ada za soko: 40,000
Jumla: 1,320,000.
Faida: 180,000. Hiyo ni 15,000 kwa mwezi.

16.
TOT yake: asilimia 3 ya 1,500,000 = 45,000.
Faida yake ni 180,000. Kwa hivyo amelipa robo ya faida yake. Asilimia 25.
Chukua sasa mtu aliyeajiriwa Lodwar kwa mshahara wa 15,000 kwa mwezi, mapato yale yale kabisa. PAYE yake ni sifuri, kwa sababu hajafika 24,000 kwa mwezi. Mapato sawa, mmoja analipa 45,000, mwingine halipi kitu. Wale wanaosema mfanyabiashara mdogo anafinywa, huyu ndiye shahidi wao.

17.
Mfano wa pili. Fundi wa simu, kibanda mjini. Mauzo ya mwaka: 1,500,000, sawa na mama samaki. Lakini yeye anauza ujuzi. Gharama zake za vipuri, stima na kibanda ni 300,000. Faida: 1,200,000, yaani 100,000 kwa mwezi.
TOT yake: 45,000. Hiyo ni chini ya asilimia 4 ya faida.
Mwajiriwa wa 100,000 kwa mwezi analipa PAYE ya zaidi ya 220,000 kwa mwaka. Wale wanaosema mzigo uko kwa wenye mishahara, huyu naye ndiye shahidi wao.

18.
Umeona? Pande zote mbili zina shahidi wa kweli. Wanagombana kwa sababu kila mmoja anamwangalia mtu tofauti. TOT inamchukulia mwenye faida ya 180,000 na mwenye faida ya 1,200,000 kama mtu mmoja, kwa vile mauzo yao yanafanana. Biashara ya mzunguko mkubwa na faida nyembamba, kama samaki, mbuzi, unga na mafuta ya kupika, ndiyo inayoumia. Yenye gharama ndogo na faida nono inacheka.

19.
Na ukumbuke ile hasara. Miaka ya karibuni ziwa letu limepanda, maji yakafunika sehemu za ufuo, na watu wakahamisha vibanda vyao. Mwaka kama huo unaweza kuuza milioni moja na nusu na bado ukabaki na deni. Chini ya TOT unalipa 45,000 vile vile. Ushuru wa mapato ungesema: hujapata kitu, hudaiwi kitu, na hasara yako beba mwakani.

20.
"Basi si atoke kwa TOT?" Anaweza! Hii wengi hawaijui. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba umechagua kutokuwa kwa TOT, ukabaki kwa ushuru wa kawaida wa mapato, ambapo gharama zinaondolewa. Mama samaki wetu akifanya hivyo, na gharama zake zote zikubaliwe, faida ya 180,000 iko chini ya 288,000. Ushuru: sifuri. Ameokoa 45,000. Lakini ngoja kwanza, usikimbie.

21.
Tangu Januari 1, 2024, gharama ambayo haina ankara ya eTIMS haikubaliwi. Hiyo ililetwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Zamani risiti ya mkono au daftari lingeweza kukusaidia kujieleza. Sasa aliyekuuzia lazima awe ameitoa ankara hiyo kwa mtandao wa KRA. Kuna vichache vilivyosamehewa, kama mishahara ya wafanyakazi na riba. Samaki hajasamehewa.

22.
Sasa nenda ufuoni saa kumi na mbili asubuhi, mashua zinaingia. Mvuvi ana nyavu, ana ngege, pengine mbuta mmoja mkubwa. Mwambie: "Baba, nipatie ankara ya eTIMS." Atakuangalia kama mtu aliyepigwa na jua. Halafu atamuuzia aliye nyuma yako.
Hebu tuone inavyokuwa kwa mama samaki kama zile 900,000 za samaki zitakataliwa.

23.
Mapato yanayotozwa: 180,000 + 900,000 = 1,080,000.
- 288,000 kwa asilimia 10: 28,800
- 100,000 kwa asilimia 25: 25,000
- 692,000 kwa asilimia 30: 207,600
Jumla 261,400. Toa nafuu ya 28,800. Anadaiwa 232,600.
Faida yake halisi ni 180,000. Ushuru umepita faida. Hapo mtu hulipi kwa faida, unalipa kwa kuuza mbuzi wa nyumbani.

24.
Mama mmoja nilimpigia hesabu ya aina hii, daftari lake likiwa mezani, kila kilo na kila shilingi imeandikwa kwa kalamu safi. Akaniuliza, "Mwanangu, hawa wanataka faida yangu ama wanataka samaki wangu?" Nikamwambia, "Mama, daftari lako mimi naliamini. Sheria ndiyo hailisomi." Kwa hivyo akabaki kwa TOT. Si kwa sababu TOT ni ya haki kwake. Ni kwa sababu mlango wa pili una shimo mbele yake.

25.
Kuwa wa haki pia kwa upande wa serikali. Kabla ya eTIMS, watu walikuwa wakiandika gharama hewa: kampuni haipo, bidhaa haipo, lakini risiti ipo na ushuru umepungua. Anayefaidi hapo si mama samaki, ni wakubwa wenye wahasibu. Ankara ya mtandao inaziba huo mwanya. Ubaya ni kwamba wavu uliofumwa kwa papa umetupwa kwenye maji ya dagaa.

26.
Na kuna rekebisho, lilianza Desemba 27, 2024. Ukinunua kwa mfanyabiashara mdogo au mkulima mdogo ambaye mauzo yake hayapiti milioni 5 kwa mwaka, wewe mnunuzi ndiwe unayetoa ankara kwa niaba yake. Mvuvi harudishwi tena shule. Ukiwa na PIN na umejisajili eTIMS, mzigo wa karatasi ni wako. Hata simu ya kabambe inaweza, kwa *222#. Jukwaani sijasikia mtu akilitaja hili, kwa sababu halina kelele.

27.
Litasaidia? Kiasi. Lakini linataka mtandao ushike ufuoni, mnunuzi aandike kila ununuzi, na mtu wa kumwelekeza mwanzoni. Mama anayenunua kwa wavuvi kumi asubuhi moja, kila mmoja kilo tano, atatoa ankara kumi kabla chai haijachemka. Mwanasiasa akikuambia "tumeshawatatulia", muulize ni wangapi ufuoni wamefundishwa, na nani aliwafundisha.

28.
Tuwaguse pia walio chini ya milioni 1 kwa mwaka. Hao ndio wengi: mama wanaosuka vikapu na mikeka ya makoma na kuwauzia wageni wa Eliye, wachoma samaki, kijana wa boda. TOT haiwahusu. Faida yao ikiwa chini ya 288,000, ushuru wa mapato ni sifuri. Lakini "hawalipi ushuru" ni uongo mtupu. Petroli ya mashua ina VAT (Julai 2023 ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16), ina ushuru wa bidhaa, ina ada ya barabara ya shilingi 25 kwa lita, hata kama mashua haijui barabara. Bei yake Lodwar iko juu ya ile ya Nairobi. Ukituma pesa kwa simu, ada ya kutuma ina ushuru wa asilimia 15.

29.
Hao hawana makato ya kudai popote. Mwenye kampuni iliyosajiliwa VAT anadai VAT aliyolipa kwa vitu vingi vya kazi yake. Mvuvi hadai. Anameza. Kwa hivyo swali "nani analipa ushuru?" lina jibu fupi: wote. Swali refu ni nani anayeweza kuondoa kitu, na nani hawezi.

30.
Kakuma nako? Kambi ipo tangu 1992, Kalobeyei ikafuata 2016, na utafiti wa IFC wa 2018 ulihesabu zaidi ya biashara 2,000 huko. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na biashara. Mkimbizi aliyesajiliwa akipata PIN, sheria za ushuru ni zile zile: TOT ile ile, eTIMS ile ile. Kwa hivyo ule wimbo wa "wale hawalipi, sisi tunalipa" nao ukauke. Wananunua bidhaa zenye VAT kama wewe, na leseni ya kaunti wanadaiwa.

31.
Kuhusu kaunti: watu wengi hulaumu asiyehusika. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inaipa serikali kuu ushuru wa mapato, VAT, ushuru wa forodha na wa bidhaa. Kaunti ina kodi za ardhi na majumba, ushuru wa burudani, na ada za huduma zake. Leseni na ada ya soko ukilalamika, nenda kwa kaunti. TOT na eTIMS ukilalamika, nenda kwa Bunge. Mgombea wa kaunti anayekuahidi kufuta TOT anakuuzia maji ya ziwa.

32.
Majirani wanafanyaje? Uganda, biashara ya mauzo chini ya milioni 10 za kwao hailipi ushuru huu. Kati ya milioni 10 na 30, asiye na kumbukumbu analipa 80,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 0.4 ya kinachozidi milioni 10. Tanzania nayo, kwa wafanyabiashara wadogo kabisa, ina jedwali la safu mbili: mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Kote kuwili, kuandika kuna zawadi. Kwetu, daftari safi na daftari lisilokuwepo vyote vinalipa asilimia 3.

33.
Kwa hivyo mezani kuna njia kadhaa, na kila moja ina bei yake.
- Kushusha TOT hadi 1: mama samaki analipa 15,000 badala ya 45,000. Lakini fundi wa simu naye analipa 15,000 kwa faida ya milioni 1.2, na mwenye mshahara atapiga kelele, kwa haki.
- Kupandisha mpaka wa milioni 1: wadogo wanapumua. Serikali inapoteza, na itatafuta kwingine.
- Viwango tofauti kwa biashara tofauti: haki zaidi, ugumu zaidi. Kila mtu atajiita muuza samaki.
- Kukubali daftari na rekodi za M-Pesa kwa ununuzi mdogo mdogo: inafaa ufuo, lakini wajanja nao wanaangalia.

34.
Katiba kifungu cha 201 inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki, na kwamba wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Kifungu cha 210 kinasema hakuna ushuru bila sheria. Juni 2024 tuliona Mswada mzima ukiondolewa baada ya watu kuingia barabarani, na kuna waliozikwa. Bei hiyo ni kubwa mno. Kuandika maoni yako kwa kamati ya Bunge ni karatasi moja, na hesabu ya mama samaki inatosha kuijaza.

35.
Maswali ya kubeba mkutanoni, yeyote awe anaongea:
Unataka kutoza mauzo ama faida?
Mwenye faida nyembamba umemwekea nini?
Mtu wa mahali pasipo mtandao atapataje ankara?
Ukipunguza hapa, pengo utalijaza na nini?
Asiyeweza kujibu hata moja, mpe soda arudi kwa gari.

36.
Na wewe mwenyewe, wiki hii: nunua daftari. Tenganisha laini ya biashara na ya nyumbani. Ukiweka petroli Lodwar, taja PIN yako upewe ankara. Ukinunua kwa mvuvi, jaribu kuitoa wewe. Rekodi zako zitunze miaka mitano. Piga hesabu mbili, ya TOT na ya faida, ndipo uchague, na ukitaka kutoka TOT andika barua, usinyamaze tu. Viwango hubadilishwa karibu kila mwaka, kwa hivyo hakikisha unatumia vya mwaka wako. Tarehe 30 Juni haingoji mtu, na siku hiyo mtandao wa iTax huwa mzito kuliko mchanga wa barabara ya Eliye. Fika mapema.